Nyuki Hawakutua kwa Mzee

Siku hizi mgonjwa ni yule ambaye nyuki wametua mwilini mwake. Wasipotua kwako, hupewi dawa, hata ukohoe vipi.

Mimi ndiyo kwanza najifunza kuwafuga. Mwezi uliopita walitua kifuani kwa mume wangu, Maganga, nikapewa uyoga wa dawa nimchemshie. Nikajiuliza, na nyuki wenyewe wakiunywa je? Nikamimina kikombe kwenye maji yao, kujaribu tu.

Tangu hapo hawajatua kwa mtu. Hata jirani yetu mwenye jipu mguuni wamempita.

Leo bwana nyuki, afisa wa mizinga na dawa, amekuja kukagua mzinga, akacheka. "Hongera, bibi! Kijiji kizima kimepona. Uyoga uliobaki naurudisha stoo."

"Lakini mzee wangu anakohoa, baba. Na nyuki niliwanywesha uyoga."

"Ndiyo maana wamenawiri! Au wewe unajua ugonjwa kuliko nyuki?"

Alipoondoka na uyoga, nilimsogelea Maganga, kajishika kifua.

"Mume wangu, unaumwa?"

Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, kisha akautazama mzinga.

"Sijui, Mama Kalunde. Asubuhi nilidhani naumwa."