Jiko la Nta

Padre alitoka wodini kwa mara ya tatu wiki ile, kichupa cha mafuta matakatifu kikiwa kimefungwa vilevile alivyoingia nacho.

"Amegeukia ukutani," alimwambia Fundi, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la korido. "Anasema mafuta haya nikampake mwingine. Hataki hata kuungama. Zungumza naye, mzee wangu. Jumapili hafiki."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa fundi cherehani, miaka sabini na moja, vidole vimetobolewa na sindano mpaka vimekufa ganzi. Na alijua, tena vizuri mno, kwa nini rafiki yake Twiga alikuwa anakufa bila sakramenti.

Zamani wote wawili walikuwa watawa wa monasteri moja. Twiga alipata jina hilo siku ya kwanza, alipojigonga paji la uso kwenye mlango wa kanisa mbele ya abate mwenyewe. Waliweka nadhiri pamoja, wakapangiwa karakana moja, ya kuyeyusha nta na kumimina mishumaa. Katika chumba cha nyuma ya karakana, kwa sababu ya joto lake, alilala Babu Kengele, mtawa mzee kiziwi aliyepiga kengele miaka thelathini bila kuisikia hata mara moja.

Usiku mmoja karakana iliungua, na chumba cha nyuma pia. Watawa waligonga mlango, waliita mpaka sauti zikakauka. Babu Kengele hakusikia.

Zamu ya kufunga karakana jioni ile ilikuwa ya Twiga. Lakini aliyeliacha jiko likiwaka chini ya sufuria ya nta alikuwa Fundi.

Asubuhi abate aliitisha baraza la makosa. Hapo mtawa hupiga magoti mwenyewe, hutaja kosa lake, hupewa adhabu, basi. Kanuni inakataza mtu yeyote kulitaja tena kosa hilo mpaka kaburini. Fundi alikuwa anajikokota kuinuka, Twiga akamtangulia.

"Ni mimi, baba," alisema. "Jiko nililiacha likiwaka."

Fundi akakaa. Dhambi yake yote ndiyo hiyo kwa ufupi: alikaa.

Twiga alifukuzwa. Mwaka uliofuata Fundi naye akaomba kutoka, akamfuata mjini, akapanga chumba mtaa uleule. Alimshonea nguo, alimuuguza akiugua, na Jumapili hazikupita bila kumwalika kwake. Karakana hawakuitaja kamwe. Kanuni ni kanuni, hata kwa waliovua kanzu.

Twiga aliibeba adhabu ya mwenzake kwa ukamilifu uliomtisha Fundi. Alichukua kazi ya kuosha maiti hospitalini, kazi ambayo wengine waliikimbia mchana kweupe. Alimtekea maji na kumfulia dada yake Babu Kengele, mama mmoja kipofu, mpaka siku alipomzika. Hakuoa. Kanisani alikaa benchi la nyuma, na komunyo hakuikaribia. Chumbani kwake hapakuwa na jiko wala mshumaa. Na kila alipoaga nyumbani kwa Fundi, alipitia kwanza jikoni kuangalia moto, mara mbili, mara tatu.

"Shemeji, jiko langu limekukosea nini?" mke wa Fundi alimtania siku moja. Twiga hakucheka, na Fundi aliinamia sahani yake.

Huyu ni mtakatifu, Fundi alikuwa akijiambia. Hata uongo wake anauishi kama kweli.

Sasa mtakatifu huyo alikuwa anakufa, na angeungama nini? Akikiri kosa lisilo lake, anamdanganya Mungu. Akilikana, anamtaja rafiki yake. Fundi aliona aibu kali, aibu ya kumfanya mtu atamani kulala yeye kwenye kile kitanda. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa kifo chenyewe kilikuwa cha mtu mwingine.

Aliingia. Jua la alasiri lilikuwa limelala juu ya shuka. Twiga alikuwa amekunja miguu, maana kitanda kilikuwa kifupi kwake kama vitanda vyote maishani mwake. Fundi alipiga magoti kwenye saruji, goti moja, kisha jingine.

"Ndugu yangu, leo navunja kanuni."

"Inuka, Fundi. Magoti yenyewe mabovu."

"Usiku ule nilirudi karakana baada yako. Nilitaka nta kidogo ya kupaka uzi, nishone kiatu changu. Nikawasha jiko, nikapaka uzi wangu, nikaenda kulala. Nikasahau. Wewe umejua siku zote, ukanibebea. Leo nakutua mzigo. Mwite padre umwambie yote, na mimi nitaje kwa jina langu."

Fundi alifumba macho kungoja msamaha, machozi yakimtiririka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na tisa alihisi kifua chake chepesi.

"Uliliwasha," Twiga alisema hatimaye.

"Nililiwasha mimi, kwa mkono huu."

"Ulilikuta limezimwa?"

"Limezimwa kabisa. Nililigusa, lilikuwa la baridi."

Kitanda kilianza kutikisika. Fundi akafumbua macho. Twiga alikuwa ameukodolea macho mkono wake wa kulia, akizungusha vidole hewani taratibu, kama mtu anayezima jiko la mafuta.

"Kwa hiyo nililizima," alisema. "Miaka thelathini na tisa, Fundi, najaribu kukumbuka. Kumbe nililizima."