Petroli Tupu

Fundi Chepe alikuwa ameshafunga pistoni mpya. Ile ya zamani aliishika mkononi, imechubuka upande mzima kama mbili zilizoitangulia.

"Bwana Makame, pikipiki hii inataka petroli iliyochanganywa na oili. Wewe unaipa petroli tupu. Nani anakuchanganyia?"

"Mke wangu," Makame akacheka. "Kila nikitaka kuvuka mlima kwenda kwa bi mdogo. Simwamini mwingine."

Chepe hakucheka. Mwasiti, huyo mke, alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya safari ya leo.

"Pistoni ikikosa oili ikakwama mteremkoni," fundi akasema taratibu, "tairi la nyuma linaganda. Utarushwa korongoni."

Makame akaitazama chupa. Petroli ilikuwa nyeupe kama maji.

"Nilidhani inazima tu," Mwasiti akasema kwa sauti ndogo. "Izime pale pale uani, ushinde nyumbani."

Akachukua oili ya fundi, akapima kwa kifuniko, akaimimina yote bila kupunguza. Kisha akampa mumewe chupa, wekundu wa oili ukiwa bado unatanda ndani yake polepole.