Ngiri na Kiwanja cha Gofu cha Pofu

Si zamani sana, Ngiri alikuwa mchoraji wa viwanja vya gofu, na roho yake haikutulia hata siku moja. Pofu alimwita amtengenezee kiwanja. Ngiri akakuta ardhi imejichora yenyewe: bonde laini, vilima vidogo, majani mafupi, na mkondo wa kupeleka maji ya mvua mtoni. Badala ya kufurahi, mkia ukamsimama kwa hofu.

"Baba Vijino, mbona huli?" mkewe akamuuliza. "Si utoboe vishimo vya mpira, usimike bendera, urudi nyumbani?"

"Nisiposogeza kitu, Pofu atasema sikufanya kazi. Nani ataniita tena?"

"Basi haribu, waone umefanya," mkewe akasema, akaendelea kutafuna mizizi.

Ngiri akachimba. Akahamisha kilima, akaziba mkondo, na bado akahofia kwamba kazi yake haionekani. Akachimba tena.

Siku ya ufunguzi mvua ikanyesha. Maji yakakosa pa kwenda, yakafunika bendera zote. Pofu akasimama na fimbo yake ya gofu, magoti yamo majini.

"We Ngiri, hii ndiyo kazi yako?"

Papo hapo Kiboko akaibuka katikati ya kiwanja, akipuliza maji puani kwa raha.

"Fundi, mkono wako unaonekana! Ndugu zangu wote wanataka bwawa kama hili."

Tangu hapo Ngiri hakosi kazi, ila gofu hakuna anayemtajia. Anawachimbia viboko mabwawa, na mkia haujashuka mpaka leo, maana kuogelea hajui.