Hotuba ya Mwalimu Kasuku

Mniwie radhi, hekaya hii naisimulia vibaya. Anayeijua vizuri anaona haya kuisema.

Katika shule binafsi ya wanyama, Mwalimu Kasuku, mkongwe kuliko kengele, aliutamani sana unaibu mkuu. Kila alipofika mkuu mpya, yeye ndiye aliyemkaribisha kwa hotuba. Siku alipokuja Bi. Korongo, Kasuku alisimama mbele ya mistari ya wanafunzi, akakohoa, akaanza:

"Mheshimiwa Mkuu, huyu aliyeondoka—"

"—alituachia magofu!" wanafunzi wakamalizia kwa pamoja, kama wimbo wa shule.

Kasuku akajikaza. "Ila wewe, mama, ndiwe—"

"—mvua yetu ya kwanza!"

Bi. Korongo akainamisha shingo yake ndefu. "Mwalimu, hata Kiboko niliyempokea ofisi alikuwa mvua ya kwanza?"

"Alikuwa, mama. Na Nyumbu kabla yake."

"Basi mimi nitawaachia magofu lini?"

Kasuku akauona unaibu ukiruka zake bila mbawa. Akajifunika uso.

"Nisamehe, mama. Miaka yote nawagombeza watoto hawa kwamba hawashiki ninachofundisha. Kumbe wanashika vizuri; ni mimi niliyekosa cha kufundisha."