Utetezi wa Kibibi

Siku hizi mhusika wa riwaya asiyeandikiwa insha ya kumtetea hufutwa katika nakala zote. Bi Sikudhani alikaa jikoni akimtetea Kibibi, mama wa riwayani aliyemwacha mwanawe.

"Usisimulie kisa upya," binti yake, Mwasiti, alimkumbusha. "Utangulizi utoe msimamo wako, kisha kila hoja iwe na nukuu."

Bi Sikudhani akaandika: Kibibi hakumtupa mtoto, alimwachia chakula chote akaenda kumtafutia riziki. Nukuu: "Sufuria ilijaa wali, naye hakuonja." Akafunga kwa hitimisho, akaituma insha kwenye mtambo unaofuta na kurudisha wahusika. Papo hapo jina la Kibibi likarudi kitabuni, jeusi tititi. Walipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

"Mama," Mwasiti akasema, bado anacheka, "siku ile uliponiacha, sufuria yetu ilikuwa na nini?"