Ugoro wa Bibi

Zubeda aliutema ugoro nyuma ya zahanati, huko Mlandizi, akasukutua kwa maji ya chupa, ndipo akaingia.

"Bibi mzaa mama anaweka ugoro mdomoni tangu usichana wake, na mpaka leo anatafuna mahindi ya kuchoma," alimwambia daktari. "Baba aliuweka miaka michache tu, saratani ikamla taya. Sasa hapo kosa ni la ugoro kweli?"

"Ni la ugoro, mama. Ila miili haifanani. Ndani yetu kuna vimeng'enya vinavyovunja sumu ya tumbaku. Vya bibi yako pengine vina kasi, vya baba yako vikazubaa. Mtu anazaliwa navyo, ni vya kurithi."

"Na mimi nimerithi vya nani?"

Daktari alivaa glavu, akawasha tochi, akauvuta chini mdomo wa Zubeda. Kidole kilipita taratibu juu ya ufizi, kikafika pale ugoro unapolala kila siku. Kikasimama. Kikabonyeza, kikarudi kubonyeza palepale.

"Saratani ya baba yako ilianzia wapi?"

Mdomo ulikuwa bado umeshikwa, Zubeda hakuweza kusema. Aliinua mkono, akakigusa kidole cha daktari.