Aliyejua Kuchagua Tikiti

Kitu cha kwanza alichokiona Nangila kilikuwa kidole. Wateja wa soko la Kalerwe hulipiga tikiti kwa kiganja, pa pa pa, kama wanaamsha mlevi. Kidole hiki cha kati kilikunjwa, kikagonga mara moja tu, kikatulia. Kisha sikio likainama kusikiliza.

Mtu huyo aliyapita matikiti makubwa ya mbele, yale yaliyopangwa kuvutia macho. Akaligeuza moja la nyuma, dogo, lenye baka la manjano tumboni pale lilipolalia udongo, na kikonyo kilichojikaukia chenyewe shambani. Ndilo lililokuwa tamu kuliko yote. Nangila alikuwa amelitenga tangu asubuhi, ale mwenyewe.

Mtu akasema maneno machache kwa sauti ya chini. Nangila akajibu kwa kichwa, maana ndivyo alivyowajibu watu wote. Mtu akaliweka tikiti begani, akaondoka bila kutia mkono mfukoni. Hakukimbia. Alitembea tu, kama mwenye soko.

Alikuwa amefika kwenye mtaro Nangila alipopiga ukelele.

"Mwizi! Mwizi huyo! Mwizi!"

Soko zima liligeuka. Miezi minane Nangila alikuwa ameuza pale, na hakuna aliyeijua sauti yake. Wachuuzi walimtuma kwenye lori awachagulie mzigo, kwa kuwa hakukosea hata tikiti moja, na huko nako alionyesha kwa kidole tu. Hajati Maimunah, mama wa Kinubi aliyeuza ndimu meza ya pili, alizoea kumtania: "Binti, siku ukiolewa, nani atakuitikia mbele ya watu?" Nangila alikuwa akicheka tu, akiziba mdomo.

Basi msichana wa namna hiyo akipiga kelele, nani atamtilia shaka?

Wa kwanza kufika alikuwa Mutyaba wa bodaboda. Alimkata yule mtu mtama, akaanguka kifudifudi. Tikiti lilidondokea rundo la majani ya ndizi, likabaki zima. Wa pili alikuja na ubao. Baada ya hapo hapakuwa na wa tatu wala wa nne, palikuwa na miguu tu, ikipanda na kushuka.

Kilichomharibia zaidi ni Kiswahili. Katika mji huu mtu akilia kwa Kiganda, ni mtoto wa mtu. Akilia kwa Kiswahili, wazee hukumbuka askari waliowatesa zamani, na vijana husikia jambazi.

"Muulizeni yule!" mtu yule alipiga kelele kutoka chini. "Jamani, muulizeni yule!"

"Anatuamuru!" akasema Mutyaba, akamtwanga usoni kwa kofia yake ya pikipiki. "Bunduki umeficha wapi?"

Waliomwelewa walikuwa wawili. Hajati Maimunah alimshika Nangila bega.

"Mwanangu, anasema tukuulize. Tukuulize nini?"

"Sijui, Hajati."

"Kwa tikiti moja, banange! Sema umemsamehe. Watamuua, na wewe ndiye utakayelala na jambo hilo."

Nangila alilijua hilo. Neno lake moja lingemtoa mtu yule pale chini, tena si lazima liwe refu. Alivuta mkono wa sweta, akakifunika kiwiko chake cha kushoto, kile kisichonyooka. Kisha akaanza kuyapanga upya matikiti, makubwa mbele, madogo nyuma.

"Hebu sema!"

Nangila akalisogeza tikiti jingine mstarini.

Mutyaba akaja, anahema, shati limerukiwa na matone. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza; hata "bibi" alilisema kwa Kiganda, nyabo.

"Nyabo, huyu mutu, sisi naacha ama namaliza?"

Umati ukafunguka kidogo. Yule mtu aliinua kichwa. Jicho moja lilikuwa limefungwa, la pili likamtafuta Nangila mpaka likampata. Midomo ikatafuta neno, lakini meno ya kulishika hayakuwepo tena.

Nangila, ambaye hakuwahi kumtazama usoni hata mteja wa kila siku, alimtazama mtu yule katika jicho lile moja. Alimtazama sawasawa, bila haraka, kama anavyotazama kikonyo. Halafu akampa mgongo.

Mutyaba akaelewa. Mtu mmoja akampa tofali. Nangila alilisikia likishuka mara tatu, na mara ya tatu mlio wake ulikuwa mwingine.

Polisi walipofika na gari lao, walimpakia miguu ikining'inia. Hakuna aliyeharakisha. Mmoja aliuliza mlalamikaji ni nani, watu wakamwonyesha yule binti mwembamba aliyeinamisha kichwa. Polisi akamwonea huruma, akamwambia aje kesho kuandikisha maelezo.

Mutyaba akamrudishia tikiti, amelipangusa kwa shati.

"Pole, nyabo. Chukua mali yako."

Hajati Maimunah alikuwa amekaa kwenye gunia, koo limemkauka kwa kusihi. Nangila akamhurumia. Akashika kisu, akalipasua tikiti. Lilikuwa jekundu mpaka kwenye ganda, mbegu nyeusi tii.

"Wiki ya mwisho huyanyimi kitu ila maji," alisema. "Hapo sukari inapanda."

Maimunah alimwangalia kwa mshangao. Hakuwa amewahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho kwa mpigo. Akapokea kipande, akauma, akafumba macho. Akauma tena.

"Wallahi, asali tupu. Ni mwizi gani huyu aliyejua kuchagua hivi?"

Nangila alitafuna kipande chake taratibu, akameza, akatemea mbegu kiganjani.

"Ndiye aliyenifundisha, Hajati," alisema. "Ni mume wangu. Aliniambia nifunge mizigo, turudi kwake. Tikiti nilimpa mwenyewe."